Damu ya Mama Huandaliwa kwa Binti

Safari hii ukurasa wetu wa afya unazungumza na wazazi na walezi wenye mabinti wa miaka 10 hadi 19. Tunataka tuzungumzie vidonge vya kuongeza damu kwa wasichana: ni vya nini, vinamezwaje, na kwa nini mara nyingi vinafika mkononi mwa binti lakini havifiki tumboni.

Sisi wauguzi tunaopima wajawazito hukutana na jambo moja mara kwa mara. Mama kijana anafika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi mitano au sita. Anatobolewa kidole, damu inapimwa, inaonekana ni pungufu. Anapewa vidonge na ushauri wa chakula. Lakini muda uliobaki ni mfupi. Mtoto tumboni anachukua sehemu yake, mama anabaki na kidogo, na siku ya kujifungua haisubiri. Upungufu ule haukuanza na mimba. Ulianza miaka kadhaa nyuma, alipokuwa msichana wa darasa la sita au la saba, akichota maji, akilima na wazazi wake, na hakuna aliyeuliza habari za damu yake.

Hivyo basi, damu ya mama huandaliwa kwa binti. Hilo ndilo tunaloomba familia zetu zilishike, kuanzia hapa Bisibo, Biharamulo yote na Ngara.

Upungufu wa damu ni nini?

Damu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kinachoitwa wekundu wa damu. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima: kwenye ubongo, kwenye misuli, na kwa mjamzito, kwa mtoto aliye tumboni. Wekundu huu hautengenezwi bila madini ya chuma. Karibu theluthi mbili ya chuma yote iliyomo mwilini mwetu imo ndani ya damu. Inayobaki huwekwa kama akiba, hasa kwenye ini na kwenye uboho wa mifupa.

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa na nyingine huchukua nafasi yake. Mwili hautupi chuma ya chembe iliyokufa, huitumia tena. Lakini damu ikitoka nje ya mwili, chuma yake imekwenda. Mwili unaopoteza zaidi ya unavyoingiza huanza kula akiba. Akiba ikiisha, ndipo wekundu wa damu unapoanza kushuka. Maana yake ni kwamba binti anaweza kuonekana mzima huku ghala lake la chuma likiwa tupu kabisa.

Kwa msichana wa miaka 12 na zaidi ambaye si mjamzito, kipimo cha wekundu wa damu kinatakiwa kifike gramu 12 au zaidi kwa kila desilita ya damu. Chini ya 12 tunasema ana upungufu. Chini ya 8 ni upungufu mkali, na anahitaji matibabu bila kuchelewa.

Tatizo hili si la nyumba chache. Utafiti wa taifa wa afya uliofanyika mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49, 45 walikuwa na upungufu wa damu. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta ni 42. Shirika la Afya Duniani husema nchi ikifikia 40 kati ya 100, hilo ni tatizo kubwa la afya ya jamii. Kwa maneno mengine, wakikaa wanawake kumi kwenye benchi moja, wanne kati yao wana damu pungufu.

Kwa nini wasichana?

Zipo sababu tatu, na zote humjia binti kwa wakati mmoja.

Kwanza, anakua. Katika miaka hii mwili unarefuka na kujaa haraka, na mwili mkubwa unahitaji damu nyingi zaidi.

Pili, amevunja ungo. Kila mwezi msichana hupoteza damu ya hedhi, kwa wastani kama mililita 30 hadi 40, na wengine hupoteza zaidi ya hapo. Kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Basi kila mwezi anatoa kama miligramu 15 hadi 20 za chuma, ambazo lazima zirudishwe kwa chakula.

Tatu, chakula chetu. Sahani ya ugali wa muhogo au ndizi na maharage inashibisha, lakini chuma ya kwenye maharage na mboga hufyonzwa kwa shida. Nyama na samaki ndivyo hutoa chuma inayoingia mwilini kwa urahisi, navyo katika nyumba nyingi havipatikani kila siku. Tena vikipatikana, mara nyingi finyango kubwa huenda kwa baba na wavulana, na binti anapata mchuzi.

Sasa linganisheni na mahitaji ya mimba. Mimba moja, tangu mwanzo hadi kujifungua, huhitaji karibu miligramu 1,000 za chuma. Ni nadra sana chakula peke yake kutosheleza kiasi hicho katika miezi tisa. Mama aliyeanza mimba na ghala lenye akiba huvuka. Aliyeanza na ghala tupu yuko hatarini kujifungua kabla ya wakati au kupata mtoto mwenye uzito mdogo. Na wakati wa kujifungua, kutokwa na damu ambako mama mwenye damu ya kutosha angekustahimili kunaweza kumuua yeye. Wakati huo ndugu hukimbia huku na huko kutafuta wa kutoa damu.

Hata kabla ya uzazi, hasara ipo. Binti mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, huhema akipanda kilima na ndoo kichwani, husinzia darasani na kusahau alichofundishwa. Wazazi na walimu humwita mvivu. Kabla hatujamwita mvivu, tumpeleke apimwe damu.

Dalili za kuangalia

Fungua kope la chini la jicho la binti yako: ndani yake panatakiwa pawe pekundu. Tazama pia ulimi, viganja na kucha. Weupe usio wa kawaida ni dalili. Nyingine ni kizunguzungu akisimama, moyo kwenda mbio, kuumwa kichwa mara kwa mara, na hamu ya kula udongo au mchele mbichi. Lakini dalili hizi huchelewa kuonekana. Kipimo cha damu ndicho huonyesha ukweli.

Kidonge chenyewe

Kidonge cha kuongeza damu kina vitu viwili: chuma na asidi ya foliki. Wajawazito wengi wanakijua kwa jina la fefo. Asidi ya foliki husaidia kutengeneza damu, na ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufungika katika siku 28 za kwanza baada ya mimba kutunga, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Asidi ya foliki ikikosekana wakati huo, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Hii ni sababu nyingine ya kutosubiri kliniki ya wajawazito.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, mahali ambapo upungufu wa damu umefikia wanawake 20 au zaidi kati ya 100, wasichana na wanawake wanaopata hedhi wapewe kidonge kimoja kwa juma, chenye miligramu 60 za chuma na miligramu 2.8 za asidi ya foliki. Wameze kwa miezi mitatu, wapumzike miezi mitatu, kisha waanze tena. Mwaka 2016 shirika hilo likatoa ushauri mwingine kwa sehemu ambazo upungufu umefikia 40 au zaidi kati ya 100: kumeza kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka. Njia ya kila juma ni rahisi zaidi shuleni. Ninyi fuateni ile mliyoelekezwa na mganga wenu, wala msichanganye zote mbili.

Wengine huuliza: kidonge kimoja kwa juma kitafaa nini? Mwili una mlinzi wake wa chuma. Ukimeza kidonge leo, mwili hupunguza ufyonzaji wa chuma kwa siku moja hivi, ili isije ikazidi. Kwa hiyo vidonge vya siku zinazofuatana havifyonzwi vyote kwa kiwango kilekile. Kidonge cha kila juma hukuta mlango umefunguka tena. Mjamzito humeza kila siku kwa sababu mahitaji yake ni makubwa na muda wake ni mfupi. Binti anao muda, ila lazima autumie. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo hili limejaribiwa hapa nchini. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2000 yalihusu wasichana wa Tanzania waliopewa chuma mara moja kwa juma kwa miezi minne. Akiba yao ya chuma iliongezeka, na waliongezeka uzito kuliko wenzao ambao hawakupewa. Nchini India, tangu mwaka 2013, wanafunzi wa rika hili hupewa kidonge cha rangi ya buluu kila Jumatatu, ili siku isisahaulike.

Safari ya kidonge

Kidonge husafiri kutoka Bohari ya Dawa hadi zahanati, na penye mpango wa shule, kutoka zahanati hadi kwa mwalimu wa afya. Safari hiyo ni ndefu. Hata hivyo hatua ngumu kuliko zote ni ile ya mwisho, kutoka kiganjani hadi tumboni.

Mwalimu akigawa asubuhi kwa watoto ambao hawajala, wengine watasikia kichefuchefu na juma linalofuata watakikataa. Pasipo na maji safi ya kunywa, kidonge hutiwa mfukoni. Binti akikipeleka nyumbani, akamkuta mama anayekiogopa, kitaishia jalalani. Na yule aliyeacha shule au aliyemaliza la saba akabaki nyumbani hatafikiwa kabisa na ugawaji wa shuleni, ilhali ndiye mara nyingi aliye karibu zaidi na kuolewa na kuzaa.

Hapa ndipo familia na jumuiya ndogondogo zinapoweza kusaidia. Mabinti wasio shuleni katika jumuiya yenu wanajulikana. Waambieni wafike zahanati wapimwe, na mwulizeni mhudumu wa afya wa kijiji namna wanavyoweza kupata vidonge. Kisha chagueni siku moja ya juma ya kumeza, na mtu mzima mmoja awe mkumbushaji.

Maswali ya wazazi

Je, si vidonge vya kuzuia mimba? Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na si la kudharauliwa. Pakiti nyingi za vidonge vya uzazi wa mpango zina vidonge 28. Kati ya hivyo, 21 vina dawa ya kuzuia mimba, na saba vya mwisho havina dawa hiyo. Katika baadhi ya pakiti, vile saba, ambavyo huwa vya rangi ya kahawia, vimewekwa chuma ili kumwongezea mwanamke damu. Mtu aliyewahi kuona pakiti hiyo, akaona na kidonge cha damu cha binti yake, anaweza kabisa kudhani ni kitu kilekile. Ukweli ni kwamba chuma na asidi ya foliki havizuii mimba, havitoi mimba, wala havimfanyi binti kuwa tasa. Ndivyo vidonge tunavyowapa wajawazito ili mimba zao zikue vizuri.

Uvumi ukiachwa bila jibu huleta madhara. Mwaka 2008 huko Morogoro, wanafunzi walipewa shuleni dawa za kichocho na minyoo. Baadhi ya watoto walipata maudhi ya dawa, habari zikaenea kwamba watoto wanadhuriwa, wazazi wakavamia shule kwa hasira na ugawaji ukasimamishwa. Wazazi wanaoelezwa mapema, kabla kidonge hakijafika, huwa na utulivu. Basi shule ikiitisha mkutano, mwende mkaulize maswali yote.

Mbona choo kinakuwa cheusi? Ni chuma ambayo haikufyonzwa, nayo haina madhara. Wengine hupata kichefuchefu, tumbo kuuma au choo kigumu. Binti ameze baada ya chakula, kwa maji ya kutosha. Kama bado anasumbuka, ameze usiku kabla ya kulala.

Je, kwetu kwenye malaria ni salama? Hili nalo ni swali zuri. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Pemba, mahali palipokuwa na malaria nyingi. Watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa au kufariki zaidi kuliko ambao hawakupewa. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria kwa uangalifu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Mabinti wetu si watoto wachanga, lakini somo linatuhusu: chuma na kinga ya malaria viende pamoja. Binti alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Akiwa na homa, asitishe kidonge, apimwe malaria na atibiwe kwanza, kisha aendelee.

Nani asipewe bila kumwona mganga? Binti mwenye ugonjwa wa selimundu, hasa aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi, kwa sababu chuma inaweza kuzidi mwilini mwake. Vilevile anayeumwa sana wakati huo. Na tafadhali, mama mjamzito asimgawie binti vidonge vyake vya kliniki: yeye atapungukiwa, na binti hatakuwa amepimwa.

Kidonge peke yake hakitoshi

Minyoo ya safura hukaa utumboni ikinyonya damu kila siku. Mabuu yake hupenya kwenye ngozi ya miguu peku, kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Kumwongezea damu binti mwenye safura ni kujaza maji kwenye mtungi uliotoboka. Basi avae viatu, familia ichimbe na kutumia choo, na ameze dawa ya minyoo inapotolewa shuleni au zahanati.

Kuhusu chakula, mpeni dagaa wa ziwani, nyama au maini mnapopata. Maharage yalowekwe usiku na maji ya kulowekea yamwagwe. Pamoja na maharage na mboga za majani ale kitu chenye vitamini C, kama chungwa, limao, pera, papai au nyanya mbichi, maana husaidia chuma kufyonzwa. Chai na kahawa hufanya kinyume. Zisinywewe pamoja na chakula wala pamoja na kidonge, bali zingoje saa moja au mbili.

Kwa jirani zetu wa Rwanda, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifanywa kwa wanawake vijana katika chuo kikuu kilichoko Huye. Waliokula maharage ya mbegu zilizozalishwa ili ziwe na chuma nyingi, kwa siku 128, waliongezeka damu kuliko waliokula maharage ya kawaida. Kwetu sote tunaolima maharage, hii ni habari ya kumwuliza bwana shamba.

Tuyashike haya

Binti apimwe damu angalau mara moja kwa mwaka, na kila mnapoona dalili.

Akipewa kidonge, ameze siku ileile ya juma, baada ya chakula, kwa maji. Akisahau siku yake, ameze akikumbuka, wala asimeze viwili kwa pamoja.

Vidonge vyote vya chuma vifungiwe mahali pa juu, mbali na watoto wadogo. Rangi yake huwavutia kama pipi, na mtoto akimeza vingi anaweza kufa. Ikitokea hivyo, mkimbizeni hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima.

Akina baba, suala la damu si la akina mama peke yao. Ninyi ndio mnaoamua kuku auzwe au aliwe, ndio mnaotoa ruhusa na nauli ya kwenda zahanati, na neno lenu juu ya kidonge husikilizwa nyumbani. Finyango moja ikiongezwa kwenye sahani ya binti leo, na kidonge kimoja kila juma, ni akiba ya damu ambayo siku moja itamvusha yeye na mjukuu wenu.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tuwatakie mabinti wetu afya njema.